Sentimita Nane za Kashinje

Kwanza niseme wazi, sikuwa na nia mbaya. Watu wa kijijini kwetu Usevya wakisimulia habari za Kashinje wanacheka, halafu wakifika sehemu yangu wananikodolea macho utadhani ni mimi niliyeshika kisu. Hakuna aliyeshika kisu. Mimi nilishika maneno ya baba yangu, nikayafikisha yalikotumwa. Ila mwishoni niliyaongezea kitu kimoja, na hicho nitakisema kikifika zamu yake.

Naitwa Evarist, ni fundi cherehani. Miaka hiyo ya tisini cherehani yangu ilikaa barazani kwa Mama Katarina, njia ya kwenda kanisani, na suruali zote za maana za Usevya zilipita mikononi mwangu. Urefu wa watu naujua kuliko wanavyoujua wenyewe. Wa Kashinje nilikuwa nao kichwani bila kuandika: inchi thelathini na tano kutoka kiunoni mpaka kisiginoni, na mwili mzima futi nne na inchi kumi na moja, tena hapo amevaa viatu.

Alikuwa Msukuma. Baba yake alishuka huku kwetu na ng'ombe kutoka kaskazini mwaka 1984, akafia huku, akamwachia ng'ombe arobaini na moja na plau mbili. Jina la Kashinje alipewa kwa sababu alizaliwa ametanguliza miguu. Mama yake alikuwa akisema miguu ile ilitoka kwa haraka sana, halafu baada ya hapo haikuendelea na kitu. Kijana alilima mashamba ya watu kwa ng'ombe wake, la kwetu akilima kwa bei ya kuonea haya, akajifunza Kipimbwe, lugha yetu, mpaka akawa anatania kwa Kipimbwe, na Pasaka ya 1995 akabatizwa. Alikuwa na miaka thelathini na hajaoa.

Nina dada yangu, Bernadetha. Alikuwa anapima mpunga kwenye mashine ya kukoboa, na anapoingia mlango wowote pale kijijini lazima ainame. Alikuwa anamzidi Kashinje kichwa kizima. Si mtu wa kuchekacheka ovyo, lakini Kashinje akileta magunia yake alicheka mpaka anaegemea mzani, na mwenye mashine alishamuonya mara mbili kwamba anaharibu vipimo. Mimi niliona, mama aliona, baba aliona zaidi ya sisi wote.

Mei 1996 Kashinje akaniomba niwe mshenga wake. Nilimwambia mimi ni kaka wa binti, haijakaa sawa. Akasema ndiyo vizuri, nauli itapungua. Siku hiyohiyo akaanza kuniita shemeji, kabla hata sijafunga cherehani, jambo ambalo lilinikera.

Sasa lazima mjue jambo moja la nyumbani kwetu. Katika ukoo wetu mposaji hakataliwi. Kumwambia mtu usoni kwamba hatukutaki ni utovu wa adabu, na baba yangu, Mzee Leodgar, angekubali kulala njaa mwaka mzima kuliko kuambiwa hana adabu. Mposaji anapewa sababu. Na sababu inachaguliwa ile asiyoweza kuirekebisha, ili asijisumbue bure. Mwaka 1991 alikuja kijana mmoja tukamwambia kwao ni mbali na mama hapandi gari. Mwaka 1993 alikuja mwalimu, tukamwambia ana jina la marehemu babu, Bernadetha angewezaje kumwita. Wote walielewa. Walishukuru, wakanywa togwa yao, wakaaga vizuri, wakaoa kwingine kabla ya mavuno.

Baba alipozisikia kwangu habari za Kashinje akaniambia sababu ya kweli, mimi peke yangu, huku akitazama kuku. Alisema, "Ni Msukuma, Evarist. Leo ng'ombe wake akiingia kwenye mpunga wangu naenda kwa mwenyekiti, nalipwa. Kesho akiwa mkwe wangu, ng'ombe huyo nitamwitaje? Nitamkaribisha? Na wako wengi. Anakuja mmoja, kesho wako ukoo mzima, keshokutwa tunaomba njia kupita kwetu wenyewe." Nilimjibu kwamba Kashinje hajawahi kuingiza hata ndama kwetu. Akasema anajua. Halafu akanituma: "Mwambie ni kijana mzuri sana. Tatizo ni kimo tu. Angekuwa mrefu kidogo, tungeongea."

Nikaenda nikasema hivyohivyo. Kashinje alikuwa anamkamua ng'ombe. Hakuacha kukamua.

"Mrefu kidogo?" akauliza.

"Kidogo tu."

"Kiasi gani?"

Hapa ndipo nilipokosea, na nakubali. Mtu mwingine yeyote angetikisa kichwa na kubadili mazungumzo. Lakini mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye cherehani miaka kumi na mmoja, na mtu akiniuliza kiasi gani mdomo wangu unajibu wenyewe. Nilimtazama kutoka chini mpaka juu nikasema, "Sentimita nane."

Akashukuru. Alinipa na maziwa ya kupeleka nyumbani. Nikarudi nikamwambia baba kwamba ameelewa.

Hakuwa ameelewa kitu. Wiki tatu baadaye alikuja barazani na redio yake ya mkulima begani na uso wa mtu aliyepata habari njema. Alikuwa amesikia kipindi cha Kiswahili kutoka ng'ambo, kipindi cha sayansi, wanasema kule Urusi kuna madaktari wanakata mfupa wa mguu, wanaufunga na vyuma, wanauvuta kidogo kidogo mpaka unarefuka. Milimita moja kwa siku.

"Siku themanini, shemeji," akasema. "Nane inapatikana."

Nilijichoma sindano kidoleni. Nikamwambia Urusi ni mbali. Akasema alishafikiria hilo, na kwamba madaktari wetu wengi walisoma hukohuko, kwa hiyo kazi ni kutafuta mmoja aliyesoma vizuri. Akaniomba nifuatane naye, kwa sababu mbili: ninajua vipimo, na ni mtu wa kwao na binti, kwa hiyo nitakuwa shahidi kwamba sentimita zimetimia.

Jioni nilimsimulia Bernadetha, nikidhani atacheka. Hakucheka hata kidogo. Aliweka ungo chini.

"Nani alisema mimi simtaki?" akauliza. "Kuna mtu aliniuliza?"

"Maneno ni ya baba."

"Na mdomo ni wa nani? Kaka, yule mtu atakwenda kuvunjwa miguu. Miguu yote miwili, mizima, kwa sababu nyie mnaona haya kusema neno moja. Mwambie ukweli."

Nilimwambia nitamwambia. Akasema, "Usipomwambia, na akarudi kwa magongo, mimi na wewe tumemalizana." Na dada yangu akisema jambo halirudii.

Kwa hiyo nilisafiri na Kashinje nikiwa na nia ya kumwambia. Naomba hilo liandikwe. Nilitaka kumwambia ndani ya lori la mpunga la kwenda Mpanda mjini, lakini lori lile linapita mbugani, kila mtu anaangalia nyati, si mahali pa kusema jambo zito. Nikasema nitamwambia tukifika.

Daktari wa kwanza alikuwa Katumba, kwenye vijiji vya wakimbizi wa Kirundi. Aliitwa Méthode, mzee aliyekuja na wenzake mwaka 1973, anaunga mifupa kwa vijiti na kamba za magome, na mtu aliyeungwa naye hutembea akasahau ni mguu upi ulivunjika. Kashinje alimweleza shida yake bila kuona aibu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika miundi yote miwili, akaigongagonga.

"Miguu hii ni mizima," akasema.

"Najua. Nataka iwe mirefu."

"Mimi ninaunga, sirefushi. Kusema kweli, niliyoiunga mimi mingine ilipungua."

"Ni bei gani?"

"Kuunga ni mbuzi mmoja."

Kashinje alishukuru tukatoka. Njiani alikuwa amekunja uso. "Mbuzi mmoja kwa miguu miwili," akasema. "Huyo hajiamini." Kwake kila kitu kilipimwa kwa mifugo, na daktari asiyefika bei ya ng'ombe hakuwa daktari. Nilitaka kumwambia hapo, kwenye njia ya tumbaku, lakini alianza kunisifia jinsi ninavyojitoa kwa ajili yake. Mtu akikusifia utaanzia wapi?

Wa pili alikuwa Mpanda mjini, kwenye nyumba ya kulala wageni jirani na stesheni. Kibao chake kilisema Dokta Wiliam, Bingwa wa Mifupa, Nguvu na Bahati. Alivaa koti jeupe na miwani isiyo na vioo, nililiona hilo kwa sababu alipojikuna jicho kidole kilipita moja kwa moja. Alisema mashine yake ni ya Ujerumani. Mashine ilikuwa kitanda cha chuma chenye minyororo miwili na jiwe la mzani la kilo hamsini. Bei ni ng'ombe wanne, au fedha taslimu yenye thamani ya ng'ombe wanne, na kazi ni siku tatu.

Kashinje alisikia ng'ombe wanne akakaa vizuri. Lakini mtu aliyekulia kwenye mnada haibiwi kirahisi. Alisema, "Mimi nikitaka kununua dume naomba kwanza nione ndama wake. Nionyeshe uliowarefusha."

Dokta Wiliam akatoka, akarudi na mtu mrefu sana, mwembamba, anayenuka mafuta ya treni. "Huyu alikuja hapa akiwa mfupi kuliko wewe," akasema. Yule mrefu akaitikia kwa kichwa, kwa huzuni, nadhani alikuwa hajalipwa bado.

"Onyesha kovu," Kashinje akasema.

Hakukuwa na kovu. Kashinje alipiga magoti akaikagua miguu ile kama anatafuta kupe, akaipandisha suruali mpaka magotini, akainuka akajifuta mikono. Alisema kwamba kwenye redio walisema wazi mfupa unakatwa, na kama huyu alirefuka bila kukatwa basi alirefushwa na Mungu, na Mungu hachukui ng'ombe wanne. Tukaondoka. Mimi nilicheka mpaka stesheni, yeye hakucheka, alikuwa anafikiria. Pale kwenye benchi la stesheni palikuwa pazuri sana pa kumwambia. Nikanunua karanga.

Tulirudi Usevya. Nilimwambia baba habari inavyokwenda, kwamba kijana hajakata tamaa, na kwamba itabidi aambiwe. Baba alisema, "Atachoka mwenyewe." Nikamuuliza, asipochoka? Akasema madaktari wenye akili watamfukuza, nisimharakishe mtu wa watu. Bernadetha alinipita pale mlangoni bila kunisalimu, na ikawa hivyo miezi iliyofuata. Chakula alinipa, lakini aliweka sahani chini kwa kishindo.

Agosti, baada ya mavuno, Kashinje akapeleka ng'ombe kumi na nane mnadani kwa siku moja. Watu walidhani anahama. Zile fedha nilizishona mimi mwenyewe ndani ya fulana yake, mstari kwa mstari, na nilishona polepole kuliko kawaida, kwa sababu ng'ombe kumi na nane kwa Msukuma si fedha, ni marehemu baba yake. Wengine aliwataja kwa majina wakati wanauzwa. Kuna mmoja mwekundu alimshika pembe akakaa naye mpaka mnunuzi akakohoa.

Alikuwa amepata habari za daktari wa tatu kutoka kwa padri. Hospitali kubwa, mji wa mbali, siku mbili na nusu kwa treni ukihesabu na kungoja Tabora. Huyu alikuwa daktari kweli. Aliitwa Dokta Malale, alisoma Urusi miaka saba, mtu mzima mwenye mvi na viatu vilivyopigwa kiwi, na Kashinje alipomwamkia "Mwangaluka" aliitikia "Mwangaluka" kabla hajainua kichwa kutoka kwenye mafaili. Msukuma mwenzake. Wakaongea kilugha dakika kumi, mimi nimekaa pale kama mzigo. Nilisikia neno Usevya, nikasikia jina la Bernadetha mara tatu.

Halafu daktari akageukia Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie. Alieleza taratibu bila kupamba. Atakata mfupa wa muundi, mguu huu na huu. Atapitisha nyaya za chuma kutoka upande huu wa mguu mpaka upande wa pili, azifunge kwenye mapete ya chuma yanayozunguka mguu kwa nje. Mgonjwa atazungusha nati mwenyewe, robo milimita asubuhi, robo mchana, robo jioni, robo kabla ya kulala. Mfupa utaachana taratibu na mpya utaota katikati. Ukivuta haraka hauoti, ukichelewa unafunga. Usaha unaweza kuingia. Mishipa inaweza kukataa. Kutembea bila magongo ni mwaka, pengine zaidi, na wapo wasiotembea tena sawasawa. Vyuma vinatoka nje ya nchi. Akataja gharama, Kashinje akafumba macho akahesabu, akafumbua.

"Kumi na saba na nusu," akasema. Alikuwa ameridhika. Huyu sasa ndiye aliyekuwa na bei ya daktari.

Akaomba kuona ndama. Dokta Malale hakuelewa, nikamfafanulia, akacheka kidogo puani, akatupeleka wodini. Kulikuwa na msichana anaitwa Donatille, miaka kumi na miwili, mguu mmoja ulidumaa baada ya mfupa kuoza utotoni. Mguu ule ulikuwa ndani ya mapete manne, nyaya zimeingia kwenye nyama, na pale zinapoingia ngozi imevimba. Kashinje alichuchumaa mbele yake.

"Inauma?"

"Inauma," msichana akasema.

"Sana?"

"Asubuhi. Nikizungusha."

"Umefika ngapi?"

"Nne."

Kashinje alinyanyuka akanivuta pembeni. Macho yalikuwa yanang'aa. "Huyu ni daktari wa kweli, shemeji. Mgonjwa wake analalamika." Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta. Nilikuwa naona nyaya zile kwenye miundi inayopita barazani kwangu kila siku, na sababu yake ni kwamba mimi nilijibu kipimo bila kufikiri.

Dokta Malale alikataa. Alisema yeye anatibu watu wanaoumwa. Kashinje akakaa kwenye benchi nje ya mlango wake. Siku ya kwanza daktari alimpita. Siku ya pili alimsalimia. Siku ya tatu alimwambia arudi nyumbani akaoe mfupi mwenzake, Kashinje akajibu kwamba hakupenda kimo, alipenda mtu. Siku ya nne alimletea chai. Siku ya tano alituita ndani wote wawili, na uso wake ulikuwa umechoka.

"Haya," akasema. "Wewe ni mtu mzima. Nimekueleza hatari zote na unanirudishia kama wimbo. Lakini sichukui hata senti kabla hamjajaza hii." Akasukuma fomu. "Hapa ni jina. Hapa ni sababu ya kufanyiwa upasuaji. Hapa ni sahihi yako. Na hapa ni sahihi ya ndugu au shahidi anayethibitisha kwamba sababu hiyo ni ya kweli."

Kashinje aliandika polepole, herufi kubwa. Jina. Kwenye sababu akaandika: WAKWE WAMESEMA NIWE MREFU KIDOGO. Akatia sahihi. Akanipa kalamu.

Niliipokea kalamu. Feni ilikuwa inazunguka. Nilitafuta njia ya adabu ya kuliweka jambo, nikatafuta nyingine, hakuna. Na mbele yangu wamekaa Wasukuma wawili.

"Siwezi kusaini," nikasema.

"Kwa nini?" Kashinje akauliza. "Hujui kuandika?"

"Kwa sababu si kweli. Haikuwa kimo. Kimo kilitajwa tu. Kwetu mtu hakataliwi, anapewa sababu. Ulitakiwa ushukuru uende zako. Wenzako wote walikwenda zao!" Nilikuwa nimepandisha sauti, sijui nilimkasirikia nani. "Na ile nane niliisema mimi. Baba hakusema nane. Hata ukiongezwa ishirini utakataliwa tu."

Alinitazama. Hakuonyesha hasira, ingekuwa nafuu.

"Sababu yenyewe ni ipi basi?"

Nilimtazama daktari, nikatazama sakafu. Nikasema, "Ni kwa sababu wewe ni Msukuma."

Dokta Malale aliivuta ile fomu taratibu akaigeuza juu chini. Kashinje akamgeukia daktari, akauliza kwa heshima kabisa, jinsi alivyouliza bei ya nyaya.

"Na hilo, daktari, lina daktari wake?"

"Likipata," Dokta Malale akasema, "nitafute. Na mimi nitapanga foleni."

Tulirudi. Treni ile ni ndefu ukiwa na mtu asiyesema nawe. Hakuniita shemeji, hakuniita Evarist. Alininunulia ndizi stesheni ya Kaliua, akaziweka katikati yetu kwenye kiti, akatazama dirishani. Niliziogopa zile ndizi. Nililia kidogo kwenye choo cha treni, na sioni haya kusema.

Nilidhani tukifika atakwenda kwake. Hakwenda kwake. Lori lilipotushusha alinyoosha moja kwa moja mpaka nyumbani kwetu, bado na vumbi la safari, mimi nyuma. Ilikuwa saa tisa alasiri. Baba alikuwa anakunywa uji kwenye kiti chake, mama anapepeta mchele, Bernadetha anasuka mkeka pale mlangoni. Aliitazama miguu ya Kashinje kwanza, yote miwili, ikitembea. Kisha akanitazama mimi, mara ya kwanza baada ya miezi.

Kashinje alimwamkia baba, "Shikamoo baba," akakaribishwa kigoda, akakataa kigoda.

"Sikai, baba. Nimekuja unikatae tena."

Baba akaweka kikombe chini. "Ati nini, mwanangu?"

"Unikatae tena. Mara ya kwanza ulinikataa kwa sababu ya kuazima. Nimetembea nayo kwa madaktari watatu, nimeuza ng'ombe kumi na nane. Sasa nataka ile yenyewe. Uiseme wewe, kwa mdomo wako, nisikie. Nikishaisikia nitashukuru na kuondoka, na mpunga wako nitaulima kama kawaida."

Hakuna aliyepepeta, hakuna aliyesuka. Baba yangu ni mtu mzima, aliwahi kumfukuza kiboko kwa panga. Alimtazama mama, mama akatazama ungo. Alinitazama mimi, na mimi nilikuwa nimeshasema yangu. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Nilimhurumia, haki ya Mungu nilimhurumia. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, kwa adabu sana.

"Ni kimo, mwanangu. Ungekuwa mrefu kidogo."

Kashinje akalia. Mtu aliyeangalia nyaya ndani ya nyama ya mtoto akauliza umefika ngapi, alisimama katikati ya uwanja wetu akalia waziwazi, bila kujifunika uso. Machozi yalidondokea kwenye fulana yenye fedha za ng'ombe wa baba yake.

Bernadetha aliuweka mkeka pembeni akainuka. Aliinama kupita mlangoni, akaingia, akatoka na kanga zake na sanduku la bati.

"Ni kwa sababu wewe ni Msukuma," akamwambia Kashinje, kwa sauti ambayo jirani aliisikia. "Baba anaogopa ng'ombe wako watakula mpunga wetu, halafu atashindwa kuwafukuza. Hilo tu ndilo. Hakuna lingine. Wamebaki wangapi?"

Kashinje alijifuta pua. "Ishirini na watatu."

"Mimi nitawafukuza. Shika huku."

Wakashika sanduku, huyu upande huu na yule upande ule, likainamia upande wa Kashinje. Mama aliinuka akakimbilia ndani, nikadhani analia, kumbe alikwenda kuchota mchele, akawafuata nao kwenye ungo mpaka njiani. Wasukuma wenzake Kashinje walileta ng'ombe wa mahari Oktoba, kumi na watano, na baba alichagua mwenyewe pa kuwafunga, mbali na shamba.

Lakini siku ile, walipokwisha kupotea kwenye kona ya kanisa, baba alibaki amekaa na uji wake umepoa. Kisha akasema, "Yule binti hana adabu hata kidogo." Nikamwambia ni kweli, baba, hana, na kama na mimi ningekuwa sina tangu Mei, yule mtu asingelia pale uwanjani kwetu.